Gundi ya Kununua kwa Seti Kongwe za Majengo ya Reli za Mfano, Kuanzia Bora Hadi ya Kuepuka

Anayepata seti ya zamani ya stesheni au ghala, iwe ya karatasi ngumu kama zile za Superquick za Uingereza au ya bati kama zile za Suydam za Marekani, huhangaikia bei ya seti na kuisahau gundi, ilhali gundi ndiyo itakayoamua kama jengo litadumu. Nimezipanga hapa kwa kuangalia mambo mawili: isidhuru karatasi iliyokwisha kuzeeka, na kiungo kiwe imara kulingana na kitu kinachounganishwa.

Ya kwanza ni gundi nyeupe ya PVA, lakini iwe ile isiyo na asidi wanayoitumia wafungaji wa vitabu, si ya useremala. Karatasi ya miaka ya 1960 mara nyingi huwa na asidi yake tayari, ndiyo maana kingo zake hugeuka manjano na kukatika zinapokunjwa, na haifai kuiongezea nyingine. Weka tone kwenye kipande cha boksi, chovya ncha ya kijiti cha kuchokonolea meno, paka ulimi wa kuunganishia, kisha ubane kwa vidole ukihesabu taratibu hadi thelathini. Ukuta mpana hujikunja kwa sababu ya maji yaliyomo, kwa hiyo ulaze usiku kucha chini ya vitabu vizito, ukiwa katikati ya nailoni mbili.

Hata hivyo, PVA isikaribie risasi, yaani madini ya ledi. Wako waliogandisha chembe za risasi ndani ya modeli kwa gundi hii ili kuongeza uzito, na baada ya miaka wakakuta modeli imepasuka, kwa kuwa asidi ileile iliyomo kwenye siki, ambayo hutoka kwenye gundi hii, huigeuza risasi kuwa unga mweupe unaofura. Dohani za seti kongwe zilizosubuwa, yaani zilizomiminwa kwenye kalibu, kwa madini yenye risasi nazo zimo hatarini.

Kwa bati, nafasi ya pili, inayokaribia sana ya kwanza, naipa lehemu. Ile ya kawaida ya bati na risasi, 60 kwa 40, huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi za Selsiasi. Sugua ukingo hadi ung'ae, paka dawa ya lehemu, gusa kwa pasi ya kulehemia kwa muda mfupi, kisha osha dawa yote, kwani mabaki yake ndiyo huleta kutu. Vipande vilivyosubuwa haviwezi kuhimili joto hilo, na vinahitaji lehemu maalumu inayoyeyuka kwenye nyuzi 70.

Ya tatu ni gundi ya mirija miwili inayochanganywa (epoksi), ambayo haina mpinzani pale bati linapokutana na karatasi. Nunua ile inayokauka polepole, si ya dakika 5, ili upate nafasi ya kunyoosha pembe. Jihadhari tu kwamba haibanduki kirahisi.

Gundi angavu ya mrija, mfano UHU, inashika nafasi ya nne. Haina maji, hivyo haikunji kuta, lakini huvuta nyuzi kama utando wa buibui, nazo huangukia palipochapwa rangi.

Ya tano ni supagluu, iliyoingia sokoni mwaka 1958. Hunywewa na karatasi na kuacha doa lililokolea, na mvuke wake huyatia ukungu madirisha ya plastiki. Stesheni yangu ya kwanza inaonekana hadi leo kama imepigwa umande usiokauka.

Selotepu na gundi ya mpira usiziweke kabisa, kwani zote huzeeka na kuacha doa la kahawia. Karatasi iliyobanduka juu ya ukuta irudishe kwa uji mzito wa wanga wa ngano, ambao hulainika tena kwa maji. Lakini upake tabaka jembamba na jengo lihifadhiwe pakavu, kwa maana mende hupenda wanga.