Sokwe wa Gombe kwenye flashi: duka la Mwanga na duka la Ujiji

Mimi ni fundi wa injini za boti pale Kibirizi, Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika. Boti za kwenda Gombe, hifadhi ya sokwe, zinaondokea hapohapo, kwa hiyo kwenye kipindi cha sokwe hunidanganyi: msitu ule naujua na ziwa lile ndilo linanilisha. Nilitaka kumwonesha mjomba, maana miguu haimruhusu tena kupanda boti. Nikaishia na nakala mbili za kipindi kilekile cha dakika 52, kutoka maduka mawili ya kurusha muvi, yaani kukunakilia kwenye flashi. Kila nakala shilingi 500.

Duka la kwanza liko Mwanga, si mbali na soko. Kijana akaniambia, "Hiyo 1080, anko, utaona mpaka samaki majini." Faili lenyewe MB 300. Nilipaswa kushtuka palepale. Hiyo 1080 inahesabu nukta za picha tu, 1920 kwa 1080. Haikuambii kila sekunde imetengewa data kiasi gani. Piga hesabu: kama kilobaiti 96 kwa sekunde, picha na sauti humo humo.

Sokwe akikaa kimya anajikuna, picha safi kabisa. Upepo ukigusa majani, msitu wote unageuka vigae vya kijani. Faili dogo hubana nafasi kwa kurudia sehemu ya picha ambayo haijabadilika. Sasa majani na mawimbi, sehemu gani haijabadilika? Ziwa likawa kama sakafu ya marumaru inayotikisika. Manyoya meusi yakalala bapa, utadhani sokwe kapakwa lami. Kwenye kona kuna nembo ya stesheni na chini linapita tangazo, yaani kilirekodiwa kikiwa hewani, kisha kikabanwa tena.

Sauti ndiyo mbaya zaidi. Ule wito wa sokwe unaoanza chini chini ukapanda mpaka ukelele ulitoka kama anapiga kelele ndani ya pipa. Mjomba aliuliza, "Hawa wana mafua?" Akaomba nimwekee taarabu.

Ujiji kijana alianza na swali: TV yako inchi ngapi? Thelathini na mbili. Akasema TV nyingi za saizi hiyo zina nukta 1366 kwa 768, kwa hiyo 720 inanitosha, nisilipie namba ambayo kioo hakina pa kuiweka. Faili lake GB 1.9, limetoka mtandaoni, halina nembo wala matangazo. Kila sekunde imepata data mara sita ya ile ya Mwanga. Hapa majani ni majani, na maji yana ile rangi ya asubuhi kabla upepo haujaamka.

Ila halikutoa sauti. Hata kidogo! TV ikaandika kwamba aina hiyo ya sauti haiitambui. Nilirudi kesho yake nimevimba. Kumbe ilikuwa sauti ya chaneli sita, ya majumba ya sinema. Akabadilisha sauti peke yake bila kugusa picha, haikufika dakika kumi, na hakunitoza. Nyumbani tena: msimulizi ananong'ona, ngoma zinatikisa sabufa. Safari ya pili akanieleza kwamba maneno hukaa chaneli ya katikati, na alipozikunja sita kuwa mbili hakuyapandisha. Akayapandisha. Nauli ya bodaboda mpaka hapo imeshaipita bei ya kipindi mara kadhaa, na hilo namkata maksi: angenijaribishia kwenye TV yake ya dukani kabla sijaondoka.

Kwa muvi za ngumi zilizotafsiriwa nitaendelea kwenda Mwanga, ni karibu na foleni yake fupi. Msitu na maji, Ujiji.

Mara hii mjomba alitazama hadi mwisho, nusu yake akiwa amefumba macho. Mimi nilirudia dakika ya 31 mara tatu. Boti inapita nyuma ya msimulizi. Nakala ya Mwanga ina mvumo tu hapo. Hii ya Ujiji nasikia injini ya kuchanganya oili na petroli, na plagi moja imechoka.