Cooper Black: fonti nene ya maneno machache

Oswald Bruce Cooper aliichora huko Chicago, na mwaka 1922 kiwanda cha fonti cha Barnhart Brothers & Spindler kikaitoa kwa ajili ya wachapaji wa herufi za madini ya risasi. Siku hizi imo kwenye kompyuta nyingi zenye Microsoft Office.

Andika O kwa pointi 200 (pointi ni kipimo cha ukubwa wa herufi) uitazame vizuri. Nje ni duara nono, ila tundu la ndani limeinama kuelekea kushoto. Nukta ya i ni kama yai lililolala mshazari. Serifu, yaani nyayo za herufi, zimefura na hazina pembe kali. Ulaini huo una kazi: herufi ikishuka nusu milimita ukibandika stika au kuchapa fulana, jicho halishtuki, maana hakuna ukingo ulionyooka wa kulinganisha nao.

Unene nao una gharama, na Kiswahili huilipa zaidi. Maneno yetu yamejaa a, na tundu la a kwenye Cooper Black ni dogo mno. Chapa "maandazi" kwa pointi 14 kwenye karatasi ya kawaida: wino unasambaa, a zote tatu zinaziba, neno linakuwa madoa. Chini ya pointi 24 tusiitumie kabisa. Kwenye fulana ya pamba, a iwe na kimo cha angalau sentimita 2, kwa kuwa wino wa skrini, yaani unaopitishwa kwenye wavu wa kuchapia, husambaa kwenye nyuzi.

Usibonyeze B, kitufe cha kukoleza herufi. Fonti hii ina uzito (kiwango cha unene) mmoja, kwa hiyo programu huipaka unene wa bandia na kumaliza matundu yaliyobaki. Mstari wa rangi unaozunguka herufi huharibu vivyo hivyo, kwa sababu nusu yake huingia ndani ya herufi. Dawa yake: nakili neno, nakala ya chini ipe mstari mnene, ya juu iache safi.

Kwenye "ng'ombe" weka apostrofi iliyopinda. Ile iliyonyooka huonekana kama msumari uliopigwa katikati ya mito.

Kwa ukubwa wa pointi 72, punguza nafasi kati ya herufi kwa pointi 1 au 2. Herufi hizi hupendeza zikikaribiana. Mikia ya g na y ni mifupi, hivyo mistari miwili inaweza kusogeana bila kugongana. Herufi ndogo ndizo zenye uhai. Neno zima kwa herufi kubwa huwa zito kama gunia.

Kwa kibao cha mgahawa, mikate au juisi, ni chaguo zuri sana, mradi maneno yasizidi matatu au manne. Bei na namba ya simu ziandike kwa fonti nyembamba isiyo na serifu. Ukihitaji aya nzima yenye ladha hiyohiyo, chukua Fraunces: ni ya bure, uzito wake unaanzia 100 hadi 900, na ulaini wa nyayo unaurekebisha mwenyewe.

Kabla ya kupeleka kazi kiwandani, geuza maandishi yawe michoro, kisha uhifadhi PDF. Mashine isiyo na Cooper Black huweka fonti nyingine bila kukuuliza.