Filta ya mkebe ya trei tatu kwa maji ya Goma: mashine nunua, vya ndani badilisha

Ukitafuta filta ya akwariamu ya lita 150 hadi 200 hapa Goma, mara nyingi utaonyeshwa ule mkebe mweusi usio na jina la kueleweka, wenye trei tatu ndani na pampu kwenye kifuniko. Mashine yenyewe tunaipa nne kati ya tano: haina kelele, klipu zinabana vizuri, na mabomba yana valvu za kufunga maji wakati wa kusafisha. Vitu vilivyopangwa ndani tunavipa moja. Trei ya chini imejazwa pete za kauri, ya kati ina mfuko wa kaboni na mawe meupe ya zeolaiti, na ya juu ina eponji moja nyembamba. Mpangilio huo umesimama kichwa chini miguu juu.

Tatizo linaonekana ukifuata njia ya maji. Yanaingia kwenye kifuniko, yanateremka pembeni hadi chini kabisa, kisha yanapanda trei kwa trei mpaka kwenye pampu. Trei ya chini ndiyo ya kwanza, na mavi yote ya samaki yanatua kwenye pete. Ndani ya wiki mbili vitundu vyake vimezibwa na tope, na bakteria waliotakiwa kuishi humo wamekosa hewa. (Zipo pete laini zisizo na vitundu, zilizotengenezwa makusudi kukamata taka kubwa. Hizi za boksi si hizo.)

Penye maji mengine kosa hili lingesameheka. Hapa hapana. Maji ya robine ya REGIDESO, shirika la maji, yanatoka ziwani, na Kivu ni ziwa lenye magadi, pH yake (kipimo cha asidi na magadi; 7 ni katikati) juu ya uso inakaribia 9. Uchafu wa samaki unatoa amonia, na kwa joto la nyuzi 25, ile iliyo katika hali ya sumu kali haifiki hata sehemu 1 kati ya 100 pH ikiwa 7. Kwenye pH 8 ni kama 5, kwenye pH 9 ni kama 36. Kwa hiyo bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ndio roho ya filta, nao wanahitaji mahali pa kushika pasipofikiwa na tope.

Panga hivi. Trei ya chini: eponji yenye matundu makubwa, 20 hadi 30 kwa kila inchi, unene wa sentimita 3 au 4, na juu yake eponji ya matundu ya kati, sentimita 2. Trei ya kati ijae mawe ya bakteria peke yake. Ya juu mawe tena, kisha wate ya kujazia mito, tabaka moja tu la sentimita moja. Wapo wanaoweka wate kabla ya mawe ili mawe yabaki safi. Hawakosei, ila huko chini inaziba upesi, na kuibadilisha ni lazima utoe trei zote. Ikiwa juu kabisa, ukifungua kifuniko tu iko mkononi. Itupe kila wiki moja au mbili. Chagua wate isiyo na marashi.

Mawe ya bakteria, Goma, kuyanunua ni kupenda hasara. Tunatembea juu yake. Makoro, yaani mawe ya volkeno, yakiwa mepesi yenye vitundu yanafanya kazi ya pete za kauri bila shida, mradi uyachague. Vunja moja kwa nyundo: ndani likionekana kama mkate, chukua, likiwa limeshikamana na zito kama chuma, liache. Usiokote karibu na gereji wala sehemu wanapofyatua bloku, maana mafuta yanaua na saruji inapandisha pH zaidi. Vipande viwe vya sentimita 1.5 hadi 3. Vidogo zaidi vinabanana na kuziba, vikubwa zaidi vinaacha mapengo. Osha kwenye besheni mpaka maji yatoke safi, mara saba au nane si ajabu, kisha loweka siku tatu ukibadilisha maji kila siku. Makoro yanakata, kwa hiyo vaa glavu, na uyafunge kwenye neti ya vitunguu ili yasichane eponji. Lita 3 kwa jumla zinatosha tangi la lita 200 lisilojazwa samaki kupita kiasi. Pete za boksi zioshe uzichanganye humo humo.

Kaboni ibaki kabatini, uitumie tu kuondoa dawa baada ya matibabu, na uitoe baada ya wiki tatu au nne. Makala (makaa) ya jikoni hayachukui nafasi yake: yana majivu na yanashika kidogo mno. Zeolaiti inakamata amonia kwenye maji matamu, lakini maji ya Kivu yana chumvi nyingi zinazogombea nafasi hiyo hiyo, basi inachoka mapema.

Kasoro nyingine ya boksi ni eponji iliyokatwa ndogo kuliko trei. Maji hufuata njia nyepesi. Itoe baada ya wiki: ukiona kingo nyeusi kwa tope na katikati kungali kweupe, maji yalipita pembeni. Kata eponji yako izidi trei kwa milimita 3 hadi 5 kila upande, iingie kwa kusukumwa.

Lita 1,000 kwa saa zilizoandikwa kwenye boksi ni za pampu tupu. Chukua bidoni la lita 5, weka mdomo wa bomba la kurudi, pima kwa simu. Likijaa kwa sekunde 30 una lita 600 kwa saa, inatosha. Likipita sekunde 45, wate au eponji imeziba. Elekeza bomba hilo litikise uso wa maji: tuko mita 1,460 na zaidi juu ya bahari, na kwa nyuzi 25 maji yanabeba kama miligramu 6.9 tu za oksijeni kwa lita, wakati pwani yangebeba 8.3.

Usioshe eponji wala makoro kwa maji ya robine, yana klorini. Hata bidoni la ziwani huenda limetiwa klorini pale pale ufukweni kwa ajili ya kipindupindu. Tumia maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe, na usisafishe trei zote siku moja. Hata unapohama kutoka mpangilio wa boksi, badilisha trei moja, subiri wiki tatu, ndipo ushike nyingine.

Umeme ukikatika zaidi ya saa mbili hivi, usiache mkebe umefungwa. Oksijeni ya ndani inaisha, bakteria wanakufa, na umeme ukirudi usiku uozo wote unamwagwa kwa samaki. Chomoa waya, funga valvu, fungua kifuniko, toa neti za makoro uzilaze ndani ya tangi. Ukirudisha, mwaga maji yaliyobaki mkebeni, futa mpira wa kifuniko na uupake grisi ya silikoni. Vaselini inaulegeza mpira, na mkebe utavuja sakafuni.