Chati ya namba tasa: kabla ya kulipa, itazame 91

Chati hii ya Hisabati nimeinunua kwa shilingi 8,000 katika duka moja la vifaa vya shule karibu na Soko la Majengo, hapa Dodoma, kwa ajili ya mtoto wa darasa la tano ambaye KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) na KDS (Kigawe Kidogo cha Shirika) zilikuwa zinamchanganya. Ni karatasi ngumu iliyopigwa laminesheni, yenye ukubwa wa kalenda ya ukutani, na imeandikwa kwa Kiswahili kitupu, tofauti na chati nyingi ninazoziona madukani, ambazo mtoto wa shule ya serikali huishia kuzitazama kama mapambo.

Uzuri wake umo katika mpangilio. Namba 1 hadi 120 hazikupangwa kumi kumi kama ilivyozoeleka, bali sita sita, katika mistari 20. Kwa hiyo vigawe vya 2, yaani namba zinazopatikana kwa kuzidisha 2, vinajaza safu wima ya pili, ya nne na ya sita, vigawe vya 3 vinakaa katika ya tatu na ya sita, vya 5 vinashuka mshazari kuelekea kushoto na vya 7 vinashuka mshazari kuelekea kulia. Ukiziweka kando 2 na 3, namba tasa zote, yaani zile zinazozidi 1 na zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, zimebanwa katika safu mbili tu, ya kwanza na ya tano, na mtoto anaiona sababu kwa macho kabla hajaelezwa. Ni lile chujio (njia ya kupata namba tasa kwa kuviondoa vigawe) la Eratosthenes, Mgiriki wa karne ya 3 kabla ya Kristo, ila limepangwa kwa akili.

Sehemu ya vigawo, yaani namba zinazogawanya nyingine bila kubakiza, nayo ni nzuri. Vigawo vya 60 vimeandikwa kwa jozi, yaani 1 na 60, 2 na 30, 3 na 20, 4 na 15, 5 na 12, 6 na 10, kisha umepigwa mstari mwekundu, kwa kuwa 8 mara 8 ni 64, na kigawo chochote kinachozidi hapo kimeshatajwa pamoja na mwenzake mdogo. Hoja hiyohiyo ndiyo inayorahisisha kupima kama namba ni tasa: isiyozidi 120 hupimwa kwa 2, 3, 5 na 7 pekee, maana 11 mara 11 ni 121. Cha ajabu ni kwamba maelezo ya pembeni hayasemi hivyo, bali yanamwagiza mwanafunzi agawanye kwa kila namba mpaka aifikie namba yenyewe. Kwa 113 atagawanya zaidi ya mara mia moja, kazi ambayo mara nne zingetosha.

Kosa kubwa zaidi liko kwenye maduara ya kijani yanayoonyesha namba tasa. Namba 1 imeachwa bila duara, na hiyo ni sahihi, lakini 91 na 119 zimezungushiwa, ilhali 91 ni 7 mara 13 na 119 ni 7 mara 17. Mpaka 120, namba zisizo tasa ambazo hazigawanyiki kwa 2, 3 wala 5 ni nne tu, ukiiacha 1: 49, 77, 91 na 119. Mbili za kwanza mchapishaji amezinasa, bila shaka kwa sababu zimo katika jedwali la kuzidisha la mpaka 12, na mbili zilizo nje ya jedwali hilo zimemponyoka. Maduara yamekuwa 32 badala ya 30. Linaloudhi ni kwamba 91 ndiyo inayofungua mshazari wa tatu wa vigawe vya 7, kwenye chati hiyohiyo. Mwalimu makini anaweza kuligeuza kosa hili kuwa zoezi, lakini mtoto anayejisomea peke yake ataliamini.

Kuhusu uimara sina lawama: fito za plastiki za juu na chini zinaizuia isipeperushwe na upepo wetu, na vumbi linafutika kwa kitambaa chenye maji.

Muuzaji alisikiliza kwa adabu, lakini hakuwa na toleo lililosahihishwa. Kwa bei hiyo bado ningeinunua. Ila ikunjue palepale dukani, utazame mwanzo wa mstari wa 16 na safu ya tano ya mstari wa mwisho, na ukikuta maduara hayo, omba upunguziwe bei, kisha uyafute kwa kalamu ya wino mzito kabla chati haijapanda ukutani.