Nilienda kutazamiwa nyota kwa mzee wa falaki Mji Mkongwe, maoni yangu haya

Shangazi ndo kanisukuma, mnajua tena Zanzibar ukitangaza unataka kuoa lazima atokee mtu aseme ngoja kwanza tuangalie nyota zenu kama zinapatana. Jina la mzee silitaji, sio mtu wa matangazo, hana hata bango mlangoni, unaelekezwa tu.

Huduma yenyewe ni shikamoo, kahawa, kisha daftari. Anaandika jina lako na la mama yako kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ina namba yake, alifu 1, be 2, zinapanda hivyo mpaka ghaini 1000, anajumlisha halafu anatoa 12 12, kinachobaki ndo nyota yako. Chukua Ali mtoto wa Zuhura: Ali ni 110, Zuhura 217, jumla 327, ukitoa 12 12 inabaki 3, huyo Mapacha. Nilichopenda hafichi kitu, ukiwa na kalamu unamfuata mwanzo mwisho, sio wale wa kufumba macho na kutetemeka.

Sasa tatizo. Hilo Zuhura likiandikwa na alifu mwishoni badala ya te marbuta, ile te ya duara ya mwisho wa neno, linakuwa 213, jumla 323, inabaki 11, yaani Ndoo. Mtu yuleyule, mama yuleyule, kahamishwa nyota kwa herufi moja! Nikamuuliza, mzee akacheka, "mwanangu herufi ndo mzizi, ukikosea hapo umepotea." Sawa mzee wangu, lakini tutajuaje kama tumekosea, maana daftari linatoa jibu zuri vyovyote vile.

Na msije mkasema wazee wetu washamba, Kepler mwenyewe, yule mwanafalaki mkubwa wa Ulaya, mwaka 1608 alimpigia nyota Wallenstein yule aliyekuja kuwa jenerali, na 1609 akatoa kitabu cha kuonyesha Mirihi inazunguka jua kwa duaradufu. Ila kuna kitu hapo, duara aliyoanza nayo ilipishana na vipimo vya angani vya Tycho Brahe, mpimaji nyota wa zama zake, kwa dakika 8 tu, dakika za pembe sio za saa, na nyuzi moja ina dakika 60, yaani kitu kidogo mno, na bado akaitupa akaanza upya. Kwenye falaki ya nyota za watu sijaona hizo dakika 8, yaani jambo likitokea vingine mzee afunge daftari aseme hii njia haifai. Ndoa ikivunjika watasema jina liliandikwa vibaya.

Lakini mzee anajua mambo. Anakueleza Kilimia, lile kundi la nyota, kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, anakuhesabia mwezi mwandamo, hayo ukikaa ukaangalia juu mwenyewe unayaona. Shangazi alitaka kombe la presha, akamwandikia kwa zafarani kwenye sahani, akaosha kwa marashi akampa anywe, ila akamwambia vidonge vya hospitali asiache hata siku moja. Na alipoulizwa nani anamfanyia husda alikataa katakata, hiyo ya kutaja wabaya hafanyi. Hapo heshima kubwa kwake.

Nampa nyota 3 kati ya 5, mbili nimezizuia kwa sababu ya hilo la ndoa, mchumba wangu katoka Nge na mimi Simba, eti hazipatani, na harusi ipo palepale.

Nendeni baada ya alasiri, Ijumaa hapokei watu. Bei hataji, toa ulichojaaliwa, ila beba chenji.