Jogoo wa kuchi wa mbegu: soko la Tengeru, basi la Tanga au bandani kwa mfugaji?

Nimenunua majogoo watatu wa kuchi, wale kuku wa asili wenye shingo na miguu mirefu, kwa njia tatu: mmoja soko la Tengeru, Arusha, siku ya Jumamosi, mmoja kwa picha za simu akaletwa na basi kutoka Tanga, na mmoja bandani kwa mfugaji upande wa Moshi. Aliyebaki kuwa baba wa kundi ni huyo wa Moshi peke yake. Haya ni ya anayetaka kuzalisha kuchi nyumbani kwa ajili ya mbegu na kuuza. Wa kupiganisha, sina la kumwambia.

Tengeru ndiko bei inakoshuka, 45,000 baada ya kuvutana. Shida ni kwamba muuzaji wa sokoni hana mama wa jogoo wala ndugu zake wa kukuonyesha, na jogoo mzuri wa mbegu haletwi gulioni hivi hivi. Ama kazeeka, ama hapandi, ama kuku wa nyumbani wameanza kufa kwa mdondo (Newcastle) na mwenye nao anawahi kuuza waliobaki. Umri usomee kwenye vikwaru, ile miiba ya nyuma ya miguu. Pora wa miezi sita ana kinundu tu. Wa mwaka mmoja ana kama sentimeta moja hadi moja na nusu. Kikwaru kirefu kilichopinda ni cha mzee. Kipitishe kidole: ncha butu, bapa, yenye mikwaruzo imepigwa msasa ili jogoo aonekane kijana.

Mtego mkubwa zaidi ni upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani. Wengi wetu tukiona upanga mdogo uliolala kichwani, shingo ndefu na miguu mirefu tunasema huyu kuchi. Lakini upanga huo unatawala: kifaranga akiurithi kwa mzazi mmoja tu, tayari unaonekana. Kwa hiyo chotara wa kuchi na kienyeji anao vilevile. Namna ya kumjua ni kumpandisha kwa mitetea ya kienyeji yenye upanga uliosimama, wenye meno, kisha kuwatazama vifaranga wakifika wiki ya tatu. Aliyebeba upanga wa kuchi kutoka kwa wazazi wote wawili hutoa watoto wote wa upanga mdogo. Chotara hutoa karibu nusu kwa nusu. Vifaranga 8 wakitoka wote na upanga mdogo, chotara kukupa matokeo hayo kwa bahati ni mara 1 katika 256. Jogoo wa Tengeru alitoa vifaranga 11, watano wakiwa na upanga wa meno. Akaenda kwenye sufuria. Jaribio hili linapima upanga tu, lakini. Kimo na kifua unavipima kwa macho.

Wa basi alinigharimu 110,000 pamoja na nauli yake. Picha ya kuku iliyopigwa simu ikiwa chini humfanya twiga. Omba video ya dakika moja, jogoo akitembea pembeni ya kitu unachokijua ukubwa, mfano ndoo ya lita 20, na uzito wake kwenye mizani. Jogoo mzima wa kuchi anatakiwa acheze kwenye kilo mbili na nusu hadi tatu na ushee. Wangu alifika akiwa amefungwa miguu kwa kamba ya katani, ngozi imechubuka, kakauka kwa kiu. Muuzaji akasema akishapanda basi si wake tena. Basi patana mapema: asafiri kwenye tenga, kibali cha afisa mifugo kiwepo, nusu ya pesa ilipwe akishapokelewa mzima. Akifika mpe maji yenye glukosi kwanza, chakula baada ya saa moja, tena kidogo.

Kwa mfugaji wa Moshi nililipa 90,000, bei iliyonilipa kuliko zote. Nilimwona mama, dada zake wawili na yai lao, na daftari la chanjo. Hapo ndipo unapata nafasi ya kumkagua kwa mikono bila kusukumwa. Fuata mfupa wa kidari: uwe umenyooka, nyama imejaa pande zote. Weka sikio mgongoni. Ukisikia mkoromo, mrudishe. Fungua manyoya chini ya mkia na chini ya mabawa utafute chawa na utitiri. Magamba ya miguu yakiwa yameinuka na yana unga mweupe, huo ni utitiri wa miguu: unatibika kwa kuosha na kupaka mafuta mazito kila siku kwa wiki mbili au tatu, lakini uteremshie bei. Mboni ya jicho iwe duara. Iliyochongoka au yenye rangi ya kijivu inaweza kuwa ugonjwa wa Marek, na huo hauna tiba. Mwisho mwachie na tetea mmoja dakika kumi. Asiyeshughulika naye kabisa, mwache hapo hapo.

Nilichomkatia nyota mfugaji huyu ni kutaka kuniuzia na mitetea ya kiota kimoja na jogoo. Kataa, hao ni ndugu zake. Mitetea chukua boma jingine.

Ukimfikisha nyumbani, mtenge siku 21 mbali na kuku wako, na uwe unamhudumia mwisho, kwa viatu vya banda lake tu. Dawa ya minyoo wiki ya kwanza. Akionekana mzima, chanjo ya mdondo ya I-2, tone moja jichoni, kisha rudia kila miezi mitatu. Mtu akichanja leo na kumchanganya kesho amepoteza tone, kwa sababu kinga huhitaji kama wiki mbili kujengeka.

Msimu wa kwanza mpe mitetea minne au mitano, si kumi. Kuchi ni mzito na hapandi haraka kama kienyeji. Kama mitetea ilikuwa na jogoo mwingine, usiatamishe mayai ya wiki tatu za kwanza: mbegu ya yule wa zamani bado imo. Siku ya saba pima mayai kwa tochi ya simu gizani. Zaidi ya theluthi yakiwa meupe ndani, yaani hayana mbegu, punguza manyoya yanayozunguka tundu la nyuma la jogoo na la mitetea kabla ya kumlaumu.

Kuchi wana manyoya machache, na baridi ya Arusha ya Juni na Julai si ya Tanga. Ziba upande wa upepo kwa turubai, acha uwazi juu, weka maranda sentimeta kumi. Kichanja kisizidi sentimeta 50, maana mzito akiruka kutoka juu hupata jipu la unyayo. Mapora watenganishe mapema, wengine huanza kuumizana kabla ya miezi mitatu, na kati yao weka bati au mbao. Wavu hausaidii, wanaonana na kuchubuana vichwa humo humo.

Kati ya nyota tano: Tengeru nyota mbili, basi nyota mbili, bandani nyota nne.