Kisanduku cha vidonge cha siku saba: miaka mitatu nyumbani kwetu

Nilikinunua Birere, hapa Goma, kwa mama mmoja anayeuza vyombo vya plastiki, faranga elfu tano. Ni cha buluu, kina vyumba kumi na vinne: asubuhi na jioni, kwa siku saba. Hapa mtaa wa Majengo tunaishi na mdogo wangu, ambaye skizofrenia, ugonjwa wa akili, ilimpata akiwa bado mwanafunzi.

Zamani nilikuwa kama askari wake. Haloperidoli ya kutuliza ugonjwa, kisha Artane ili dawa hiyo isimkakamaze mwili, halafu swali lile lile kila jioni mbele ya watoto: "Umekunywa?" Yeye hujibu ndiyo kwa hasira, mimi siamini, Mama analia. Sasa kila Jumapili tukitoka misa anaketi mkekani, anajaza vyumba yeye mwenyewe, mimi nimeshika karatasi ya daktari. Jioni naangalia tu. Chumba kikiwa kitupu, naenda zangu jikoni. Siku moja nilikikuta kimejaa, na kabla sijafungua kinywa akasema: "Yaya" (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), "leo nimesahau, niletee maji." Miaka yote ya ugonjwa sikuwahi kusikia neno hilo.

Kasoro zipo. Herufi za siku ni za Kiingereza. Tulibandika sparadra, plasta ya vidonda, tukaandika kwa biki, nayo hubanduka. Kifuniko cha Alhamisi kimelegea. Mvua zikizidi vidonge hulainika, kwa hiyo tunajaza wiki moja tu, vingine vinabaki kwenye karatasi zake. Tena kinafunguka upesi mno: wenye watoto wadogo wakiweke juu ya kabati.

Ninachokipendea zaidi ni kwamba kinabebeka. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, mtaa wetu uliamriwa kuhama. Tulitembea hadi Sake na magodoro kichwani, dawa zikabaki chini ya kitanda. Baada ya siku chache mdogo wangu hakulala tena, akawa anazungumza na watu tusiowaona, na wenzetu tuliolala nao darasani wakataka tumfunge kamba. Mama alikataa. Alikaa naye nje usiku kucha, amemshika mkono. Sitaki kurudia safari ile.

Siku hizi kisanduku kinakaa kwenye mfuko karibu na mlango, pamoja na nakala ya karatasi ya daktari. Januari 2025 vita vilipoingia mjini hatukuweza hata kuchungulia nje. Umeme ulikatika, maji pia. Ila Mama alipapasa gizani, akahesabu vifuniko kwa kidole hadi Jumanne, akampa mdogo wangu dawa.

Kama mgonjwa wenu anachomwa sindano ya kila mwezi peke yake, hakitawafaa sana. Kwa vidonge vya kila siku, kinunueni. Mimi natafuta cha pili, cha dawa za presha za Mama. Mdogo wangu ameshasema kukijaza ni kazi yake.